Ini la Barrak

Daktari Ghanima alikuwa amechoshwa na habari za roboti. Wagonjwa walimuuliza kuhusu roboti, wake za wagonjwa wakamuuliza roboti, shangazi zake wakamshika mkono harusini kabla hajafika kwenye kiti na kumuuliza roboti. Tangu hospitali yake ilipoleta ile mashine na kuitundika picha yake kwenye bango la barabarani, Kuwait nzima ilijiona imesomea upasuaji.

Na leo, Jumapili asubuhi, wiki yenyewe bado changa, alikuwa ameketi mbele ya Barrak na mkewe Sabika akisikia yaleyale.

"Tunataka roboti," Sabika alisema. "Mkono hatuutaki."

"Roboti inaendeshwa kwa mkono, dada yangu. Na mkono wenyewe ndio huu."

"Lakini roboti haitetemeki."

"Na mimi umeniona nikitetemeka?"

Sabika aliutazama mkono wa daktari bila haya, akaugeuza kwa macho kama anayechagua samaki.

Barrak mwenyewe alikuwa mtu mkubwa, mpole, aliyekaa upandeupande kwa sababu kiti cha hospitali hakikumtosha. Miaka tisa nyuma alikwenda nje ya nchi akakatwa tumbo ili apungue unene, likabakizwa jembamba kama ndizi. Alipungua akawa kijana. Watu wakamsifu, naye akawaambia ni mazoezi, na ule mwezi aliopotea akasema alikwenda kutolewa kifuko cha nyongo. Kisha kilo zikarudi moja moja kama wageni waliosahau kitu, na zikaja na mwenzao: kiungulia. Sasa Barrak hakulala kitandani tena. Alilala kwenye kochi, ameketi, taulo kifuani, maana akijinyoosha tu asidi inapanda hadi puani. Ghanima alikuwa amemtia kamera ya mdomoni mara mbili. Umio wake ulikwisha kubabuka na ngozi yake ya ndani ilianza kubadilika, na badiliko la aina ile likiachwa lijiendee, mwisho wake ni saratani. Dawa zilishindwa. Ilibaki kumpasua mara ya pili, kuliunganisha tumbo upya na utumbo, asidi ipate njia nyingine.

"Nisikilizeni kwa mara ya mwisho," Ghanima alisema. "Kuna njia mbili. Ya matundu, mimi nasimama pembeni ya mgonjwa, nashika vyuma virefu, nafanya kazi nikitazama kioo. Ya roboti, matundu ni yaleyale, ila vyuma vinashikwa na mashine, na mimi naketi kule pembeni naiongoza. Vyuma vya roboti vina viwiko, vinapinda. Kwa mtu aliyekwisha kukatwa, mwenye makovu ndani, kushona kule juu chini ya mbavu kunakuwa rahisi kidogo. Lakini mtu analala usingizi muda mrefu zaidi, na bei inapanda, na ukija kuhesabu nani kapona vizuri, wanakaribiana. Nikikuambia roboti ni bora kwa kila mtu, nitakuwa mwongo. Nikikuambia haina faida, mwongo vilevile."

"Bu Fajhan anasema mkono umepitwa na wakati," Barrak alisema kwa adabu.

"Bu Fajhan ni daktari?"

"Anauza vipuri vya magari. Ndiye mkubwa wetu pale kwenye diwania yangu. Nilimuuliza kwa niaba ya rafiki yangu, usiogope, sikujitaja. Akasema binamu yake kafanyiwa kwa roboti na sasa anakimbia pwani kila alfajiri."

Ghanima aliinamia karatasi zake zisizohitaji kuinamiwa. Bu Fajhan hakuwa na binamu wa namna hiyo. Bu Fajhan alikatwa tumbo na Ghanima mwenyewe, kwa matundu, kwa mkono huuhuu usiotakiwa, na akatoka hospitali akiwatangazia watu kwamba katolewa kifuko cha nyongo. Wala hakuwa peke yake. Ukiwasikiliza wanaume wa diwania ile, baraza lao la kila Jumatatu nyumbani kwa Barrak, ungedhani kuna ugonjwa wa nyongo ulioipitia nyumba ile moja na kuacha mtaa mzima salama. Wengi wao matumbo yao yalipita mikononi mwake, na kila mmoja alimwapisha kivyake: daktari, haya yaishie hapahapa.

"Haya," alisema. "Tufanye kwa roboti. Kwako wewe ina sababu yake. Lakini roboti siyo shida yetu, ndugu Barrak. Shida ni ini."

"Ini langu halina ugonjwa."

"Ini lako lina mafuta. Limelala juu ya tumbo kama mto. Ili nifike kule juu lazima nilinyanyue, na likiwa zito likajaa mafuta halinyanyuki, linachanika, linamwaga damu. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya kisu hakuna kula. Supu iliyochujwa, maziwa, ule unga wa dawa. Ini linasinyaa, mimi napita. Ukila, hapapitiki. Kwa mkono hapapitiki, kwa roboti hapapitiki."

Barrak alikubali kwa kichwa mpaka aliposikia wiki mbili. Hapo kichwa kikasimama.

"Na Jumatatu?"

"Na Jumatatu hakuna kula."

"Diwania, daktari. Toka enzi za marehemu baba, Jumatatu watu wanakula kwangu. Mwenye nyumba asipotia mkono kwenye sinia, wageni watatiaje?"

"Sema una kidonda cha tumbo."

"Mtu mnene akisema ana kidonda cha tumbo, wote watajua ni mmoja wa wale waliokatwa."

"Na wewe umekatwa."

"Lakini hawajui."

Ghanima alimtazama mke wa Barrak apate msaada. Sabika alikuwa akiuliza kama roboti ile ni mpya au imeshatumika kwingine.

Barrak aliapa. Aliapa kwa roho ya baba yake kwamba hatakula, na Ghanima akaandika tarehe.

Jumatatu ya pili, siku tatu kabla ya upasuaji, Jarrah, mume wa Ghanima, alirudi kutoka diwania na kupitiliza moja kwa moja bafuni. Akafungua bomba kwa nguvu. Ghanima alikuwa sebuleni na kikombe chake cha chai, akasikia maji na akasikia kutapika ambako maji yalifunguliwa kukuficha. Hakuinuka. Jarrah naye alikatwa tumbo, mwaka wa nne huu, na daktari aliyefanya kazi na Ghanima. Na mama yake Jarrah aliambiwa mwanawe katolewa kifuko cha nyongo. Uongo ule aliutunga Ghanima kwa mdomo wake mwenyewe, maana alimjua mama mkwe: angesema mwanangu kafungwa tumbo na mke asiyejua kupika.

Jarrah alitoka anajifuta ndevu, akajitupa kwenye kochi.

"Mama Lulwa, watu wanakula pale, utadhani kesho kuna vita."

"Nani amekulazimisha?"

"Ukikaa na sinia mbele yako mkono mtupu, mtu anakuuliza, vipi, umekatwa? Unakula tu. Unamshukuru Mungu na unakula." Alicheka kidogo. "Lakini leo Barrak alituweza. Amelishika paja la kondoo, kalimaliza, kalivunja na mfupa. Halafu anatuhimiza, kuleni, kuleni, wali wenyewe unapoa."

Kikombe kilisimama njiani kati ya meza na mdomo wa Ghanima.

"Barrak kala?"

"Kala kuliko wote. Kwani vipi?"

"Hakuna kitu," Ghanima alisema.

Na kweli hakukuwa na kitu ambacho angeweza kukisema. Mumewe hakujua kwamba Barrak ni mgonjwa wake, na hakutakiwa kujua. Akimpigia Barrak na kumwambia nimesikia umekula, Barrak atajua nani kasema, na ataamini kwamba daktari humwaga siri za watu kitandani kwa mumewe. Aliinuka akaosha kikombe ambacho bado kilikuwa na chai nusu, akakiosha tena, akakisugua hadi Jarrah akamwuliza kama kikombe kile kimemkosea.

Kesho yake alimpigia Barrak akiwa ofisini.

"Unaendeleaje na chakula?"

"Supu tu, daktari. Nimekonda mpaka viatu vinanivuka."

"Na jana?"

"Jana supu."

"Supu ya nini?"

"Ya kondoo," akasema.

Ghanima alitamani kumrukia kwa njia ya simu. "Ndugu Barrak, kama umekula niambie tu, tutasogeza tarehe. Sitakugombeza. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Mungu shahidi, daktari. Supu."

Angefanya nini? Kuahirisha kwa ushahidi gani? Roboti ilikuwa na zamu zake, na zamu iliyofuata ilikuwa mbali, na umio wa Barrak haukuwa na subira ya mtu yeyote. Akamwambia daktari wa usingizi kwamba Alhamisi wataanza kwa kamera peke yake kupitia tundu moja. Roboti haitasogezwa mpaka yeye aseme.

Alhamisi ikafika. Mashine ilikuwa imesimama kwenye kona ya chumba cha upasuaji, mikono yake minne imevishwa plastiki, na wakubwa wa hospitali walikwisha pita kuitazama. Barrak akalazwa, akalala. Ghanima akatoboa tundu la kwanza juu ya kitovu, akaingiza kamera, na kioo kikawaka.

Ini lilijaa kioo chote. Lilikuwa na rangi ya siagi, kingo zake zimevimba, limelalia kila kitu kilichotafutwa chini yake. Ghanima akaongeza tundu la pili, akaingiza chuma cha kunyanyulia, akalisukuma taratibu. Ini likatoa tone la damu palepale lilipoguswa, kisha likateleza na kurudi mahali pake.

"Roboti ingeweza?" aliuliza daktari wa usingizi, naye alikuwa kijana asiye na nia mbaya.

"Ingelichana vizuri zaidi," Ghanima alisema. "Nitolee hiyo gesi tuliyomjaza tumboni. Tunafunga."

Alipotoka, Sabika alikuwa mlangoni na tasbihi yake. Ghanima alimweleza kwa maneno machache. Sabika alisikiliza akiwa kakaza uso, halafu akauliza kwa sauti ndogo kama roboti ndiyo iliyoshindwa.

"Roboti haikusogea kutoka kwenye kona yake. Mumeo amekula, dada yangu. Jumatatu amekula, na sidhani ilikuwa Jumatatu moja."

"Ni mimi niliyempikia," Sabika alisema, na machozi yakamtoka. "Ningefanya nini? Wageni wako barazani."

Ghanima alikuwa na jibu, akaliacha. Alikwenda kubadili nguo na kunywa maji, na alipopanda wodini alasiri ile kumweleza mgonjwa, akakuta amechelewa. Diwania ilikuwa imehamia hospitali. Chumba kilijaa maua, birika za kahawa, sinia za chokoleti zilizofungwa riboni, na wanaume wamejipanga kwenye makochi na kanzu zao nyeupe zilizopigwa pasi, wamekuja kumpa Barrak hongera ya kutolewa kifuko cha nyongo. Jarrah alikuwa karibu na dirisha. Bu Fajhan, mrefu, ndevu nyeupe, alikuwa kwenye kiti cha kichwani pa kitanda.

Daktari alipoingia, kila mwanamume chumbani aligundua kitu cha kutazama ndani ya kikombe chake cha kahawa.

"Daktari," Barrak alisema, sauti imekwaruzwa na mpira waliomtia kooni. "Vipi kile kifuko?"

"Nataka tuzungumze sisi wawili."

"Hawa ndugu zangu. Siwezi kuwatoa wageni. Sema tu, tumshukuru Mungu."

"Sina la kusema mbele ya watu."

"Basi niambie tu kama kimetoka."

Ghanima alihisi hasira ikimpanda kutoka magotini. "Hakijatoka kitu. Sikukata kitu, sikushona kitu. Nilitazama, nikafunga. Mengine tutazungumza watu wakiondoka."

Bu Fajhan alikohoa, kama mtu mzima anayekuja kuokoa hali. "Binti yangu, kwani ile roboti..."

"Mzee, nakuomba, usinitajie roboti."

Alikuwa hajawahi kumkata mtu mzima maneno maishani mwake. Bu Fajhan akafunga mdomo. Barrak alimgeukia mkewe, naye Sabika alikuwa amesimama pembeni ya birika, macho mekundu.

"Waambie wewe," Sabika alisema. "Mimi nimechoka kudanganya."

Barrak alivuta shuka hadi kifuani, akaangalia dari, na alipoanza kusema alisema na dari.

"Sina ugonjwa wa nyongo. Sikuwahi kuwa nao. Nilikatwa tumbo, miaka tisa sasa. Nikanenepa tena. Umio umeharibika, nalala nimekaa, na daktari anasema ukiachwa hivyo ni saratani. Leo alikuwa anitengeneze. Aliniambia nisile wiki mbili, nikala. Nilikula kwa sababu mlikuwepo. Niliogopa mtajua, mnicheke."

Hakuna aliyecheka. Kikombe kimoja kiligonga kisahani. Ghanima alisimama miguuni pa kitanda na kuwatazama mmoja mmoja, na aliyajua makovu yao yote chini ya zile kanzu, lipi kubwa, lipi lilichelewa kupona, nani alilia kabla ya kulala usingizi. Neno moja tu lingetosha. Neno lile halikuwa lake. Nao wamekaa, wamejitia hamnazo, mwenzao kajianika mbele yao kama nguo, na mmoja wao akathubutu kumwambia Barrak pole, mambo hayo mimi siyajui lakini nasikia yanatibika. Yule ndiye aliyelia kabla ya kulala usingizi. Ghanima alikaribia kupiga kelele.

"Kifuko changu cha nyongo kipo," Jarrah alisema kutoka dirishani.

Wote wakageuka. Hakuwa anamtazama mkewe.

"Kipo palepale alipokiweka Mungu. Kilichokatwa ni tumbo. Mwaka wa nne huu. Na Jumatatu nikitoka kwako, Barrak, naingia bafuni nafungua bomba ili mke wangu asisikie. Nadhani anasikia."

"Nasikia," Ghanima alisema.

Bu Fajhan akaweka kikombe chake chini. Aliinama mbele, viganja juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza uso wake ulionyesha umri wake.

"Mimi husimamisha gari kule karibu na kituo cha mafuta," alisema. "Kabla ya nyumbani. Nashuka, natapika, nasukutua, naendelea. Mke wangu anadhani nina mwanamke."

"Wewe, mzee?" Barrak alisema.

"Mimi. Na aliyenikata ni huyu binti hapa, na alinikata vizuri, na hakuna roboti. Binamu sina." Akainua kichwa akawazungushia wenzake macho, na wenzake, mmoja huyu, mmoja yule, wakaanza kukubali. Wengine walisema kwa mdomo. Wengine walishika tu tumbo na kutikisa kichwa. Yule aliyesema mambo hayo siyajui aliangalia viatu vyake, akasema na yeye pia, mwaka jana.

Barrak aliwatazama kama anayewaona upya. Alijaribu kuinuka, maumivu yakamrudisha kwenye mto.

"Sasa ule wali wote," alisema. "Miaka yote hii. Mlikuwa mnaula vipi?"

"Kwa shida," Jarrah alisema.

"Nilidhani mnaupenda. Kila nikiona sinia inarudi tupu nasema hawakushiba." Sauti ilimvunjika. "Ndiyo maana nilikuwa naongeza kondoo."

Bu Fajhan akaunyoosha mkono, akauweka juu ya kichwa cha Barrak, jinsi baba anavyomwekea mtoto mwenye homa.

"Usiongeze tena, mwanangu," alisema. "Jumatatu tutakuja. Utatupa maji ya moto na chumvi, tutakunywa."

Ghanima alitoa kalamu yake mfukoni. Aliandika tarehe mpya juu ya chati, zamu ya kwanza ya roboti itakayopatikana, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa kwamba isipopatikana kwa wakati atapasua kwa mkono. Kisha akamwita muuguzi aje kumsaidia Sabika kutoa zile chokoleti nje.